Detroit wagome, pedi zipande Tabora? Maswali yenu ya spea

Toleo lililopita niligusia kwa mstari mmoja tu ule mgomo wa wafanyakazi wa viwanda vya magari Marekani wa 2023, basi mmenishukia kuanzia Isevya mpaka Kibirizi. Haya, tujibu. Maswali mengine nimeyafupisha, majina nimeyatoa kama kawaida yetu, nimeacha sehemu mnakotoka tu.

SWALI (Kanyenye, Tabora mjini): Mwangaluka kaka. Nina bodaboda tatu na Probox moja naikodisha. Mwaka ule wa mgomo muuza spea wangu wa siku zote alinipandishia pedi za breki na shokapu, akaniambia mzee Marekani wamegoma, mzigo haupo. Nikalipa. Juzi kanipandishia tena, eti kuna viwanda vinagoma huko nje. Sasa nauliza, mtu akigoma Detroit mimi wa Kanyenye naumiaje? Au nilipigwa?

JIBU: Mwangaluka mdogo wangu. Ulipigwa, tena ulipigwa kwa habari ya kweli, ndo maana hukushtuka.

Mgomo ulikuwepo. Usiku wa kuamkia Septemba 15, 2023 chama cha wafanyakazi wa magari cha Marekani, UAW, kiligomea kampuni tatu kubwa zinazoitwa za Detroit, mji wa magari wa jimbo la Michigan, yaani General Motors (GM), Ford na Stellantis (wenye Jeep, Ram na Chrysler), zote tatu kwa wakati mmoja, kitu ambacho hakijawahi kufanyika tangu chama kianze. Lakini angalia viwanda vilivyofungwa siku hiyo vinaunda nini. Wentzville kule Missouri inatoka Chevrolet Colorado, Wayne Michigan wanaunda Ford Bronco na Ranger za kwao, Toledo Ohio ni Jeep Wrangler na Gladiator. Hebu kaa pale stendi siku nzima uniambie umeona Colorado ngapi zimepita.

Probox yako imeundwa Japani, ikatembelewa Japani, ikauzwa mnadani Japani, ikapanda meli ikashuka Dar. Pedi zake ni za Kichina, au za Japani, au zimezungukia Dubai kwanza. Bodaboda zako kama ni Boxer au TVS zimetoka India, kama ni zile za bei ya chini zaidi ni China. Hakuna boliti hata moja hapo inayomsubiri mtu wa Michigan.

Kilichokupandishia bei mwaka ule ni dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa shilingi 2,300 na ushee, mwaka unaisha ilishafika 2,500, na 2024 ikazidi kupanda. Tena afadhali ingekuwa bei peke yake, dola yenyewe ilikuwa haionekani, waagizaji wanazungushwa benki wanapewa kidogo kidogo, wengine wanakwenda kununua pembeni kwa bei ambayo haipo kwenye ubao wowote. Mtu kanunua dola hivyo halafu umtegemee auze pedi bei ya mwaka juzi, haiwezekani. Jamaa yako angekwambia hivyo tu mngeelewana, ila "dola imeadimika" haina utamu kama "Marekani wamegoma".

Na kama unataka mgomo uliokugusa wewe kweli mwaka huo, ulikuwa Kariakoo. Jumatatu ya Mei 15, 2023 wafanyabiashara walifunga maduka, wanalalamikia kamatakamata ya kodi na lile suala la kusajili stoo, mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaenda kuwasikiliza. Juni 24, 2024 wakafunga tena, safari hiyo ikasambaa hadi mikoani, Mwanza, Mbeya na kwingine. Hiyo sasa ndo ya kuogopa. Duka la spea la Tabora haliweki mzigo mkubwa stoo, mwenye duka anapiga simu Gerezani au Shaurimoyo, upande huohuo wa Kariakoo, anatuma hela kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye basi, kesho yake yuko stendi anaupokea. Gerezani wakifunga hata siku chache tu, kuna vitu vinaisha rafu nzima huku.

Ushauri mmoja kabla sijaenda kwa mwingine, ukiambiwa kiwanda kimegoma, uliza kiwanda gani na kiko nchi gani, halafu nenda kwenye namba ya chesesi. Gari la mtumba la Japani lina namba fupi yenye herufi za modeli mbele, Probox nyingi utaona NCP51 na tarakimu zake. Magari na pikipiki nyingine zina namba ndefu ya herufi na tarakimu 17, na mwanzo wake unasema nchi: ikianza na 1, 4 au 5 ni Marekani, J ni Japani, L ni China, MD2 ni Bajaj ya India, MD6 ni TVS. Piga picha uiweke kwenye simu. Siku mtu anakuletea habari za Detroit unaifungua unamwonyesha.

SWALI (Mwanga, Kigoma): Habari ya kazi. Mimi nina duka la spea hapa Mwanga, nilisoma kwamba wale jamaa wa Marekani hawakugomea viwanda tu, waligomea na maghala ya spea. Sikuelewa. Kama unataka kumuumiza mwenye kiwanda si unafunga kiwanda, ghala la spea la nini? Na wale wauza magari wa kwao waliathirika vipi?

JIBU: Swali la mtu wa kaunta hili, naomba nikae nalo.

Kwanza tuangalie wenzetu wanavyouza magari. Kampuni kama GM haimuuzii mteja moja kwa moja, inamuuzia wakala, na wakala ni mfanyabiashara wa kujitegemea, ana yadi yake, mafundi wake na kaunta yake ya spea. Magari unayoyaona yamepangwa pale keshayanunua, mara nyingi kwa mkopo, na riba inahesabika kila siku ambayo gari halijatoka. Sasa mgomo ukitokea huyu hayupo kwenye meza ya mazungumzo. Mfanyakazi wa kiwandani hamlipi yeye, hana cha kuahidi wala cha kukataa. Lakini mteja akikasirika haendi Detroit, anaenda kwake.

Wiki za mwanzo wakala wa magari mapya hasikii sana. Mkataba ulijulikana unaisha Septemba 14, kampuni zilishajipanga, na Stellantis hasa walikuwa na Jeep na Ram kibao zimejaa kwenye yadi kabla hata ya mgomo. Kinachoanza kupotea ni punguzo, sababu muuzaji akijua mzigo mwingine hauji haraka hana haja ya kukubembeleza. Halafu inapotea ile gari maalumu, mtu anataka Bronco rangi fulani injini fulani, anaambiwa subiri. Anasubiri. Gari jipya unaweza kuliahirisha hata mwaka, la zamani si bado linatembea.

Gari bovu je? Hapo huahirishi. Na UAW walilijua hilo. Ijumaa ya Septemba 22, 2023 rais wao Shawn Fain akatangaza maghala 38 ya kusambaza spea, ya GM na Stellantis, kwenye majimbo 20, yote watoke siku hiyohiyo. Ford wakaachwa kwa sababu walikuwa wameshaanza kulegeza kwenye mazungumzo, yaani ilikuwa adhabu kwa wawili na zawadi kwa mmoja. Watu waliotoka kwenye hayo maghala walikuwa kama 5,600 hivi, kwa hesabu ya viwanda ni watu wachache sana. Lakini waligusa mfuko wenyewe, kwa sababu faida ya wakala kwenye gari jipya ni nyembamba, kinachomlisha ni gereji: sevisi, magari ya ajali, kazi za waranti, spea za kaunta. Na kampuni nayo inapata hela nzuri humo humo kwenye spea. Kwa hiyo umewatoa kazini watu 5,600 tu na umegusa yadi nchi nzima, mpaka vijiji ambavyo kiwanda cha magari hawajawahi kukiona.

Ila haikuuma sawasawa kila mahali, na hapa wewe mwenye duka usikilize vizuri. Filta ya oili, pedi, plagi, betri, hivyo hata ghala la kampuni likifungwa mwaka vinapatikana, kuna watengenezaji wengine chungu nzima. Kinachokosekana ni vile ambavyo hakuna mwingine anavyovitengeneza, kompyuta ya injini, taa ya modeli ya mwaka jana, bampa lenye sensa, waya za ndani, bodi. Gari limegongwa kidogo tu, linatembea vizuri, lakini taa ya mbele haipo nchi nzima, basi linalala gereji. Bima inamlipia mteja gari la kukodi kwa siku zenye kikomo, zikiisha anaanza kulipa mwenyewe huku lake liko juu ya jeki. Na yule fundi wa wakala, ambaye hajagoma wala si mwanachama, wengi wao kule wanalipwa kwa kazi waliyoimaliza, sasa kazi haiishi kwa sababu kipande kimoja hakipo. Huyu kwenye taarifa za habari hutamwona kabisa.

Walifanyaje? Walioona mbali walijaza stoo kabla. Wengine wakawa wanapigiana simu wakala kwa wakala, una hii nikupe ile. Wengine wakaenda kwenye magari yaliyochinjwa, kitu ambacho sisi huku ndo maisha yetu ya kila siku lakini kwa wakala rasmi wa Marekani ni kama kuvua tai. Na kampuni zikawapeleka watu wa ofisini kwenye maghala kupakia maboksi. Unaweza kuona mwenyewe, mtu wa kompyuta kapewa orodha ya namba za spea, anatafuta rafu. Wewe wa Mwanga unajua ghala la spea linakwenda kwa kichwa cha yule mzee aliyekaa nalo miaka, anajua namba hii ilibadilishwa ikawa ile, na ile ya kushoto iliwekwa boksi la kulia. Ukimtoa huyo mfumo upo lakini mzigo unatoka kwa kusuasua.

Maghala hayo yalikaa hivyo wiki tano na ushee. Ford walifikia makubaliano ya awali Oktoba 25, Stellantis Oktoba 28, GM Oktoba 30, watu wakaanza kurudi kazini huku wakisubiri kupiga kura. Lakini oda za wiki tano hazitoki siku moja, kuna foleni. Kwa hiyo mgomo ukitangazwa umeisha redioni, kwenye kaunta bado unao.

Ukitaka mfano mkali zaidi wa nguvu ya spea, rudi 1998. Flint, Michigan, viwanda viwili tu vya vipuri vya GM, wafanyakazi kama 9,200, wakagoma siku 54. Karibu viwanda vyote vya GM vya kuunda magari Amerika Kaskazini vikasimama kwa kukosa vipande. Sababu ni kwamba hawa watu wanaendesha viwanda kama mama ntilie asiyenunua nyanya mpaka mteja akae mezani, stoo hakuna, kila kitu kinaletwa saa kinapohitajika. Ni mfumo wa bei rahisi sana mpaka siku nyanya haziji. Hata 2023 ilitokea, Wentzville wamegoma, kiwanda cha Fairfax kule Kansas ambacho hakikugoma kikasimama kwa sababu vipande vyake vya bodi vilitoka Wentzville. Watu kama 2,000 wakakaa nyumbani kwa mgomo usio wao.

Halafu Septemba 26 Biden akaenda Michigan akasimama na wagomaji, rais wa kwanza aliye madarakani kufanya hivyo, na unajua alisimama wapi? Nje ya ghala la spea la GM. Sisi wa spea tuna haki ya kujivuna kidogo.

SWALI (Kasulu): Kaka mimi dereva, ofisi yetu ina Ford Ranger mbili na bosi ana Jeep Wrangler yake binafsi. Hizi si za Marekani? Wakigoma tena kule sisi tunafanyaje, huku Kasulu hata filta ya Jeep unaagiza.

JIBU: Ranger zenu ziache. Ile ya Michigan ni ya soko la kwao, usukani kushoto. Hizi za usukani wa kulia tunazoziona ukanda huu nyingi zinaundwa Silverton, pale Pretoria. Fungua namba ya chesesi, ikianza na AFA ni ya Afrika Kusini. Kwa hiyo chama cha kukifuatilia ni NUMSA cha Afrika Kusini, na wale jamaa wakigoma wanagoma kweli. Julai 2014 walitoka zaidi ya watu 200,000 wa viwanda vya vyuma na uhandisi kwa wiki nne, viwanda vya magari vikaanza kusimamisha kazi kwa kukosa vipande. Oktoba 2021 tena wiki tatu. Hilux nyingi za Afrika nazo zinatoka kwao, Durban, namba ikianza na AHT ujue ni hiyo.

Jeep ya bosi ndo ya Marekani haswa. Wrangler hata ya usukani wa kulia imetoka Toledo, na Toledo ilikuwa kwenye orodha ya kwanza kabisa ya mgomo. Mwambie bosi, kwa heshima, kwamba gari la aina yake peke yake wilaya nzima linahitaji stoo yake mwenyewe: filta, mkanda, pampu ya maji, sensa mbili tatu zinazosumbua. Aagize wakati gari zima, asisubiri mgomo wala asisubiri liharibike.

SWALI (Ujiji): Shikamoo. Nilisikia wale wafanyakazi wanalipwa zaidi ya dola 30 kwa saa. Kwa saa! Halafu wanagoma. Mimi nimeajiriwa duka la spea nalipwa kwa mwezi hela ambayo nikiigawa kwa saa nalia. Tuwaonee huruma ya nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huruma si lazima, ila ujue walikuwa wanadai nini.

Hiyo ya dola 32 hivi ilikuwa ya juu kabisa, ya mtu aliyekaa muda mrefu. Anayeanza alikuwa anapata kama dola 18 na inamchukua miaka 8 kufika juu, na kuna vibarua walikuwa chini ya hapo, mwaka wa pili wa tatu bado vibarua, wanafunga boliti ileile pembeni ya mwenye mshahara mara mbili. Mwaka 2009 GM na Chrysler walipofilisika wafanyakazi walikubali kukatwa vitu vingi, ikiwemo nyongeza inayofuata kupanda kwa maisha, ili kampuni zisife. Kampuni zikapona, zikaja kupata mabilioni ya faida, vile vitu havikurudi. Ndo ugomvi wote huo.

Na walipokuwa nje walikuwa wanalipwa na chama dola 500 kwa wiki, kodi ya nyumba ya kule ukiijua hutawaonea wivu. Mwisho walipata asilimia 25 mpaka Aprili 2028, 11 ikitolewa palepale, ile nyongeza ya maisha ikarudi, na miaka 8 ikawa 3. Katika wanachama kama 146,000 wa kampuni hizo waliotoka hawakufika hata 50,000, sababu walikuwa wanaongeza kiwanda kimoja kimoja, mwajiri asijue kesho ni zamu ya nani. Muda mfupi baadaye Toyota na Honda za kule Marekani, ambazo hazina hicho chama, zikapandisha mishahara zenyewe. Sijui ni upendo gani uliwashika ghafla.

Kuhusu mshahara wako wewe, niandikie pembeni, hilo la kumwambia bosi lina namna yake.

SWALI (Cheyo, Tabora): Nina yadi ndogo, naleta IST, Probox, Noah na kirikuu za mtumba. Je mgomo kiwandani unaweza kunifikia mimi ninayeuza magari yenye miaka 15?

JIBU: Unakufikia, ila kwa kuchelewa na kwa njia ya mzunguko, na watu wengi wa yadi hawaioni inavyokuja.

Mtumba wako unaanzia kwa Mjapani anayebadilisha gari. Akipata jipya, lile la zamani linaenda mnadani, wewe unalipata. Asipopata jipya anabaki na lake, mnada unakuwa mkavu, na wewe unashindana na Mkenya, Mzambia, Mpakistani kwenye magari machache. Si umeona 2021 na 2022, chipu zilipoadimika duniani viwanda vikapunguza magari mapya, bei ya mnada Japani ikapaa, IST ikawa inaulizwa kwa bei ambayo zamani ulikuwa unapata gari kubwa zaidi. Hapo hakuna aliyegoma, ni kitu cha ukubwa wa ukucha tu hakipo.

Migomo ya Japani yenyewe usihofu sana. Toyota walikuwa na mgogoro mkubwa wa wafanyakazi 1950, mpaka mwanzilishi Kiichiro Toyoda akajiuzulu, na tangu hapo wanamalizana na chama chao mezani kila majira ya kuchipua. Kinachowasimamisha siku hizi ni kompyuta. Machi 1, 2022 viwanda vyao vyote 14 vya Japani vilisimama kwa sababu kampuni inayowauzia vipande ilivamiwa na wadukuzi, na Agosti 29, 2023 vikasimama tena kwa sababu, jamani, nafasi ya kuhifadhi data kwenye seva ilijaa. Kama simu yangu tu.

Na mtu asikutishe na habari za meli kushambuliwa Bahari ya Shamu. Meli ya Japani kuja Dar haipiti kule, wala ya India. Inapita Bahari ya Hindi moja kwa moja.

SWALI (Urambo): Nina Fuso inabeba tumbaku. Msimu wa masoko ukianza sitaki gari lisimame hata siku moja. Ninunue spea nyingi niweke ndani nisije nikakutwa na migomo yenu hiyo?

JIBU: Weka, lakini kwa akili. Pleti ya klachi na presha yake, filta, pedi au brekishuu, boljointi, beringi za magurudumu, hivyo weka seti moja moja, ni vitu vinavyoisha hata gari likipendwa vipi. Mipira na bushi usijaze, inazeekea ndani na joto letu hili. Mambo ya umeme na pampu usinunue kwa kuotea, utakuta umenunua isiyo ya modeli yako na duka halirudishi hela.

Nunua wakati hakuna habari yoyote mbaya. Ukisubiri mpaka Kariakoo wafunge, utanunua kwa bei ya hofu na kipindi hicho ndo feki zinatembea sana, boksi jina kubwa ndani pleti imebandikwa na gundi. Ukiuziwa feki peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, na risiti mkononi. Bila risiti utaongea na ukuta.

SWALI (Ng'ambo, Tabora): Kaka hivi ile ya Kariakoo nayo ni mgomo kisheria? Na wafanyakazi wa hapa kwetu wanaweza kugoma kama UAW?

JIBU: Ya Kariakoo ni wenye maduka kufunga maduka yao, haina mwajiri na mwajiriwa, kwa hiyo sheria ya kazi haiihusu. Mfanyakazi wa kiwanda au gereji kubwa anaweza kugoma, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya 2004 inaruhusu, ila kuna ngazi: mgogoro uende CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwanza kusuluhishwa, ukishindikana chama kipige kura, kisha mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Na kuna kazi za huduma muhimu ambazo zimezuiliwa. Sasa wewe niambie gereji gani ya Ng'ambo ina chama.

Wazee wenu wa reli lakini walikuwa na chama chao, mwaka 1960 wafanyakazi wa reli Tanganyika waligoma zaidi ya miezi miwili. Kama kuna babu hapo Tabora aliyekuwepo, mwambie anitafute, nataka kujua treni za Kigoma na Mwanza zilikuwaje.

SWALI (Kibirizi, Kigoma): Pikipiki za India je, wao hawagomi? Halafu injini yangu ya boti inakataa kuwaka asubuhi.

JIBU: Wanagoma. 2013 kiwanda cha Bajaj cha Chakan kule India kilikaa kwenye mgomo karibu siku 50, ila kile kilikuwa cha Pulsar tu, zenu za Boxer na bajaji wanaziunda kiwanda kingine, Waluj, kwa hiyo huku hamkusikia kitu. Hiyo injini ya boti hujasema ni ya aina gani wala hosipawa ngapi wala mara ya mwisho plagi umebadilisha lini. Andika tena na picha ya plagi yenyewe ukishaitoa, ntakujibu toleo lijalo.